Tabaka la Pili la Sponji

Karakanani walimwita Ngazi, naye akaitika maisha yake yote. Angefanyaje? Mwanamke mrefu vile! Rola la kitambaa likiwa rafu ya juu kabisa, hakuna aliyehangaika kutafuta kiti cha kupandia. Walipaza sauti tu, "Ngazi, tushushie lile la kijani!" naye akanyoosha mkono bila hata kuinua kisigino. Alikuwa fundi wa makochi, tena si wa kubahatisha. Kochi likivikwa na Ngazi, mshono utautafuta kwa miwani. Kwa sindano hiyo hiyo alimlea mtoto wake mmoja wa kiume, baada ya baba mtu kuaga kwamba anatoka mara moja kwenda dukani, na duka lenyewe mpaka leo hajalimaliza.

Mwenzake alikuwa Kifungo. Huyu naye mfupi, mviringo, mdomo haukai kimya, na kazi yake ilikuwa kukaza vile vifungo vinavyozama kwenye migongo ya makochi. Walikaa mgongo kwa mgongo tangu wasichana mpaka wakaota mvi. Ngazi akicheka peke yake huku nyuma, Kifungo bila kugeuka anajua anacheka nini. Mmoja akiumwa, mwingine anamaliza kazi za wote wawili na bosi hana habari. Kifungo alipofiwa na mumewe, aliyelala naye kitanda kimoja mpaka mwenzie akaacha kushtuka usingizini ni Ngazi. Watu wakasema wale ni chanda na pete. Haya, na mimi nasema: pete huvuliwa.

Na ndoto yao ilikuwa moja. Wanawake wale walitengeneza viti vya watu kukalia na vitanda vya watu kulalia, lakini wao wenyewe safari waliyoijua ni ya msibani na kurudi. Kwa hiyo kila mwaka, vumbi la pamba likiwa limewajaa puani, mmoja angesema, "Tukistaafu tunaondoka," na mwingine angejibu, "Tena hatuagi mtu." Wangetafuta gari kubwa, waweke kitanda na jiko ndani, watembee nchi kavu mpaka barabara iwachoke. Walipanga mpaka nani ataendesha asubuhi na nani jioni. Ngazi, kwa ajili hiyo tu, alijifunza kuendesha gari uzeeni, akagonga uzio wa mwalimu wake mara ya kwanza na mara ya pili.

Basi kaka yake Kifungo akafariki, akamwachia dada yake gari lake la kusambazia mikate. Gari refu, la bati tupu ndani, mlango wa pembeni wa kuteleza, na harufu ya mkate ungedhani wanaoka humo humo. Kifungo alikuja karakanani anahema. "Shoga! Nyumba yetu imekuja, tena ina matairi!" Ngazi alimkumbatia, akamnyanyua juu miguu ikaning'inia, karakana nzima ikapiga vigelegele.

Hapo ndipo Ngazi alipofanya alichofanya, na msimlaumu, kwani aliahidiwa. Aliacha kazi. Cherehani yake na kiti chake alimpa mkwe wake, mke wa yule mwanawe, binti mwenye mkono mwepesi. Nyumbani kwao kulikuwa na vyumba viwili, mwanawe na mkewe na watoto wamebanana kimoja kama nguo sandukuni. Ngazi akawaachia watoto chumba chake. Kitanda chake akampa shangazi wa mwanawe. Usiku akawa anatandika godoro jembamba karibu na mlango, asubuhi analikunja, anasema, "Siku chache tu hizi, mimi nina kwangu kunakuja." Mtu mzima hafanyi hivyo ila akiwa ameshika neno la mtu.

Kazi wakaigawana. Kifungo atoe gari na vifaa, Ngazi atoe mikono. Na kazi ya kwanza, kabla ya kitanda, kabla ya jiko, ilikuwa kulivika gari nguo kwa ndani. Maana bati ni bati. Jua la mchana lilipolipiga gari lile uani kwa Kifungo, ndani ukisimama unakaangika. Alfajiri nayo, pumzi ya mtu inageuka maji, inatiririka ukutani na kukudondokea shingoni. Ukilala humo bila kinga utaamka ama umeiva ama umelowa.

Ngazi aliingia kazini kama anavyoingia kwenye kochi la tajiri. Alikwangua kutu kwa brashi ya waya mpaka nywele zake zikawa nyekundu. Akapaka rangi ya kuzuia kutu. Akabandika vipande vya lami kwenye bati pana ili lisiwe ngoma barabarani. Ndipo ikaja sponji, ile nyeusi, nzito, isiyokunywa maji. Aliikata kwa kisu chake kirefu cha kukatia viti, anakipaka sabuni kwanza, kinapita bila kelele. Gundi aliyotumia ni ile ya njano ya viatu. Unapaka huku na huku, unangoja mpaka kidole kisinase, halafu unabandika, na ukishabandika hakuna samahani. Kila pengo alilijaza na vipande. "Pengo ni dirisha la baridi," alisema, na alikuwa akipitisha kiganja ukutani, macho amefumba, akitafuta palipoachia. Vitundu tu vya chini, vile vya kutolea maji ya mvua, aliviacha wazi, na alimpiga Kifungo kofi la mkononi alipotaka kuviziba. "Ukiviziba hivyo, gari linaoza kutoka tumboni!"

Karatasi zile za sponji ni kubwa, mtu mmoja hazimuwezi. Kifungo alizishika upande wa pili, lakini mikono yake haikufika juu, kwa hiyo akawa anakuja kuwasaidia fundi saa. Huyu alikuwa na kibanda pembeni mwa mtaa, mtu wa rika lao, amefiwa na mkewe, kimo chake na cha Kifungo ni sawasawa, ila yeye aliweza kusimama juu ya ndoo bila kuanguka. Mtu mpole. Alileta chupa ya chai. Alishika ncha ya sponji, akasema, "Sema tu mama, nipandishe au niteremshe?" Ngazi alimpenda. Alimtania kwamba anatengeneza saa za mtaa mzima na yeye mwenyewe hajui saa ya kwenda kwake. Fundi saa akacheka, Kifungo akacheka zaidi. Ngazi naye akacheka, masikini, akidhani wanacheka kitu kimoja.

Sasa sikilizeni habari ya kipimo, maana balaa lilianzia hapo.

Wale wanawake hawakupenda futi. Kochi walilipima kwa shibiri na dhiraa, godoro walilipima kwa kulilalia. Siku gari lilipokuwa bati tupu, Ngazi alilala sakafuni kukingama, kichwa ukuta huu, nyayo ukuta ule. Kitanda kilipangwa kiwe hivyo hivyo, cha kukingama kule nyuma, ili mbele pabaki jiko na pa kukaa. Alitosha, akabakiwa na nafasi ya vidole. Wakapiga hesabu: tabaka moja la sponji kila upande, juu yake ubao mwembamba, na Ngazi ataingia barabara, kichwa kinagusa, kisigino kinagusa. "Nitalala kama mwiko kwenye sufuria," akasema, "lakini nitalala." Wakakubaliana: darini mbili, kuta za kitandani moja.

Aliposhamaliza tabaka hilo, Kifungo akaja na mzigo mwingine wa sponji kichwani.

"Na hizi?"

"Ongeza ukutani. Huko milimani baridi kali, shoga."

Ngazi akacheka. "Nikiongeza ukutani mimi nilale wapi? Miguu niitoe dirishani ipunge upepo?"

Kifungo hakumtazama. Alikuwa anafungua kamba ya ule mzigo, kamba ambayo fundo lake lingefunguliwa na mtoto. "Utajikunja kidogo. Usingizi ni usingizi."

"Basi kitanda tukigeuze, kiende urefu."

"Jiko litakaa wapi? Wewe weka tu."

Ngazi alisimama na kisu mkononi. Akafikiri: gari ni lake. Mwenzangu baridi haimpendi, tangu tukiwa wasichana anavaa soksi mwezi wa joto. Mimi nimelala kwenye viti vya hospitali, nimelala kwenye mikeka ya msiba, leo nishindwe kukunja magoti kwenye gari letu? Akasema, "Haya, nitajikunja." Akapaka gundi. Akabandika tabaka la pili kuta zote mbili kwa mikono yake, na fundi saa akiwa juu ya ndoo amemshikia ncha, anatazama sponji utadhani imeandikwa.

Alibandika vizuri kuliko la kwanza. Hilo ndilo linaloniuma mimi.

Siku ya kitanda, Kifungo alikuwa jikoni kwake. Seremala alikuja na msaidizi wake, wakaupitisha mwili wa kitanda mlango wa pembeni, wakausukuma nyuma. Ukaingia taratibu, ukakaa. Hata karatasi usingepenyeza kati ya mbao na ukuta. Seremala akajifuta jasho, amejaa furaha ya mtu aliyepatia.

Ngazi alikiangalia kile kitanda. Ufupi wake aliutarajia. Alichoshangaa ni kingo. Kulikuwa na ubao wa kichwani umechongwa vizuri na ubao wa miguuni, umeinuka. Kitanda ambacho mtu mrefu anajikunja hakiwekwi ubao wa miguuni namna hiyo. Fundi yeyote anajua. Hicho kilikuwa kitanda kilichotengenezewa watu wanaokitosha.

"Ulipimia nani?" akamuuliza.

"Wenyewe," seremala akasema. "Walikuja pale kwangu, wakalala juu ya meza yangu ya kazi, mama na fundi saa. Tulicheka siku hiyo! Nikawaambia, nyinyi Mungu kawakata kwa mkasi mmoja. Kitanda cha maharusi wengine huwa nahangaika, bwana mrefu bibi mfupi, lakini hawa..." Akaona uso wa Ngazi. Akaanza kutafuta nyundo yake, na nyundo alikuwa ameishika. "Mama, si mnajuana? Mimi nilidhani wewe ndiye fundi wao."

Fundi wao. Ngazi alishika ukuta ule aliouvika mwenyewe. Alihisi kitu kimoja tu, waziwazi, na sitakipamba: amesalitiwa. Na kabla hata ya hasira ilimjia aibu, aibu ya mtu aliyecheka pamoja na wanaomcheka.

Seremala akaondoka haraka. Kifungo akatoka jikoni na sinia la chai, anakuja anaimbaimba, akamkuta Ngazi ameketi kwenye ngazi ya mlango wa gari.

"Kifungo."

"Abee, shoga."

"Kitanda hiki cha nani?"

Kifungo akasimama. "Seremala kasema nini?"

Mwenye kosa humjui kwa jibu, unamjua kwa swali. Ngazi akatikisa kichwa. "Kasema kinawatosha. Mwenzangu, kinakutosha wewe na nani?"

Sinia likawekwa chini. Chai ikamwagika kidogo, hakuna aliyeifuta.

"Nilitaka kukwambia."

"Lini?"

"Nilikwambia, Ngazi. Siku ile niliyoleta sponji."

"Ulisema baridi!"

"Nilisema baridi, ndiyo. Mdomo ulikuwa mzito. Nikajua wewe unajipima kwa mwili. Utaona hutoshi, utaniuliza, Kifungo, mbona unanitoa? Nikasema akiuliza tu, naeleza yote. Jibu nilikuwa nalo tayari, nililifanyia mazoezi. Ukasema utajikunja."

"Kwa hiyo kosa langu ni kujikunja?"

Kifungo akaanza kulia. Alikuwa mwepesi wa machozi, na miaka yote aliyeyafuta ni Ngazi. Safari hii mikono ya Ngazi ilibaki magotini. "Nina umri huu," Kifungo akasema, "nikapata mtu. Sikumtafuta. Nimwambie nini, kwamba nimeshaahidi kwenda na mwanamke mwenzangu? Wewe una mwana, una mkwe, una wajukuu. Mimi nina nani?"

"Mimi ulikuwa unanihesabu wapi?"

Kifungo akavuta kitenge usoni.

"Ningekuzuia kuolewa?" Ngazi akaendelea, sauti yake imepanda, majirani na wasikie. "Ningecheza kwenye harusi yako mpaka viatu viachie! Ungeniambia tu, Ngazi, mambo yamegeuka, baki kwako. Ningebaki kwangu nikiwa bado nina kwangu! Umenitazama nikigawa kitanda. Ulikuwepo! Ulishika upande mmoja wa kile kitanda tulipokipeleka kwa shangazi mtu. Halafu ukarudi hapa ukanipa brashi ya gundi."

"Ngazi..."

"Kwa nini hukunisimamisha siku ile? Nikiwa na kisu mkononi, sijapaka hata tone. Kwa nini uliniacha nibandike?"

Basi Kifungo akasema kweli, na jamani, kuna kweli ambayo uongo una heshima kuliko yenyewe. Alijifuta pua kwa kitenge, akasema polepole, "Ningekwambia siku ile, nani angenimalizia? Hakuna anayebandika kama wewe."

Loo! Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walimaliza, mimi sina la kuongeza.

Ngazi aliinuka, akaingia ndani ya gari. Kisu chake kirefu kilikuwa pale sakafuni, hakukigusa. Alitaka kung'oa kwa mikono. Aliingiza kucha kwenye ukingo wa sponji karibu na dirisha, palipokuwa hapajafunikwa ubao, akavuta. Haikuja. Akavuta kwa uzito wake wote, mguu ameukita kwenye kile kitanda kipya. Ukucha ukavunjika. Sponji ikamegeka kidogo, kipande cha kuenea kiganjani, na chini yake tabaka la kwanza limekaa tu, limeshika bati, halina habari. Akajaribu pengine. Ikatoka chembechembe, kama makombo. Aliyeibandika alikuwa ameipaka huku na huku, akangoja kidole kisinase, akakandamiza kila kona, hakuacha pengo. Angeilaumu gundi? Angemlaumu nani?

Kifungo alisimama mlangoni akimtazama. Hakumzuia. Alikuwa anaijua kazi ya mwenzake, alijua haitatoka. Na Ngazi alipogeuka akaona utulivu ule usoni mwa rafiki yake, ndipo akaachia.

Alipita mbele yake, akatoka. Getini alikutana na fundi saa, chupa ya chai mkononi. Yule bwana akamwona alivyo, nywele zimejaa makombo meusi, kidole kinatoka damu, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama," akasema, ingawa walikuwa rika. Ngazi hakuitikia. Alitembea mtaa mzima kwa miguu, wanaomjua wakimpungia, "Safari njema, Ngazi!" maana habari ya kuondoka alikuwa ameitangaza mwenyewe kila mlango.

Nyumbani mkwe wake alikuwa amerudi kazini, anachambua mchele barazani na vumbi la pamba bado liko kwenye nyusi zake. Wajukuu walisikika ndani, wanarukaruka kwenye kile chumba chao kipya. Binti aliinua uso, akatabasamu.

"Shikamoo mama. Mmemaliza? Tunaaga lini?"

"Marahaba. Hakuna kuaga." Ngazi alivua viatu, akaviweka ukutani, kimoja kando ya kingine. "Gari limejaa."

Mkwe akacheka, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa mtu wa mizaha. Kisha akamwangalia vizuri, akaacha kucheka. Aliweka ungo chini, akajikung'uta mikono, akaingia ndani kuwahamisha watoto.

"Waache," Ngazi akasema.

Lakini binti alikuwa ameshafika chumbani, anawaambia wale watoto washuke, bibi anataka kulala.